Marekani Mwaka 1877: Askari Walioondolewa na Askari Walioletwa

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokoma nchini Marekani mwaka 1865, na utumwa ukafutwa kwa sheria, serikali ya nchi ile ilikabiliwa na mambo mawili mazito: kuwalinda mahuru wa Kusini katika haki zao mpya, na kuustawisha uchumi wa viwanda.

La pili lilikwenda kwa kasi ya ajabu, kwani serikali iliwagawia wenye kampuni za reli ardhi na mikopo kwa ukarimu mkubwa, hata tarehe 10 Mei 1869, kwa jasho la vibarua wengi wa Kichina na wa Kiairishi, reli ya mashariki ikakutana na ile ya California huko Promontory, Utah. Lakini tamaa ilipita kadiri. Mwaka 1873 benki ya Jay Cooke, iliyokuwa imejitosa katika reli ya Northern Pacific, ilifilisika, na dhiki ikaenea nchi nzima.

Katika hali hiyo ukaja uchaguzi wa rais wa 1876, ambamo Samuel Tilden alipata kura nyingi zaidi za raia, lakini matokeo yakazozaniwa, na tume ya watu 15, kwa kauli za 8 dhidi ya 7, ilimpa ushindi Rutherford Hayes. Mwezi wa Aprili 1877 Hayes aliamuru askari waliolinda makao ya serikali za South Carolina na Louisiana warejee kambini. Serikali hizo, zilizotetea haki za mahuru, zikaanguka, na mahuru wakaachwa chini ya rehema ya mabwana wao wa zamani.

Haikutimia miezi mitatu, kampuni ya Baltimore and Ohio ikapunguza tena ujira, wafanyakazi wa Martinsburg, West Virginia, wakayazuia magari ya moshi, na mgomo ukafika Pittsburgh, Chicago na St. Louis. Hapo Hayes alipeleka askari wa serikali kuu kuwakabili wenye njaa, na katika ghasia zile walikufa watu wapatao 100.

Aghalabu zama zile husifiwa kwa utajiri wa akina Carnegie na Rockefeller; lakini insafu ya dola hupimwa kwa wale inaowalinda, na mizani ya 1877 iliinamia mali. Sheria ya kuzisimamia reli ilipatikana mwaka 1887. Ulinzi madhubuti wa kura ya Mwamerika mweusi ulingoja hadi 1965.