Kutenga Jeni na Kusoma Mfuatano Wake: Historia Fupi ya Amilesi ya Bakteria

Mwaka 1833, wanakemia wa Ufaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz waliyatia alkoholi maji ya kimea cha shayiri, wakapata mashapo yenye uwezo wa kuugeuza wanga kuwa sukari. Waliyaita diastasi. Kwa takriban karne moja na nusu baadaye, vimeng'enya vya aina hii vilijulikana hasa kwa kazi yake. Hata Auguste Boidin na Jean Effront, waliopata hataza ya amilesi ya bakteria mwaka 1917, hawakuhitaji kujua maagizo yanayoiunda.

Maagizo hayo yalifikiwa Helsinki, Ufini. Mwaka 1982, Ilkka Palva alichapisha taarifa ya kuitenga jeni ya alfa-amilesi ya Bacillus amyloliquefaciens. DNA ilikatwa vipande, vikaunganishwa na plasmidi pUB110, kisha vikaingizwa katika Bacillus subtilis. Kuitambua jeni katika kazi za namna hii ni jambo jepesi ajabu: bakteria hukuzwa juu ya wanga, kisha humwagiwa iodini, sahani yote hupiga rangi ya buluu iliyokoza, isipokuwa pale wanga ulipokwisha kumeng'enywa, ambapo hubaki duara angavu. Mwaka 1983, Takkinen, Palva na wenzao walitoa mfuatano wenyewe: asidi amino 514, ambazo 31 za mwanzo hukatwa kimeng'enya kinapotolewa nje ya seli, zikabaki 483.

Hapa lugha inadai uangalifu. Tafsiri isemayo kwamba wanasayansi "waliipanga" jeni inapotosha, kwa kuwa mpango ulikuwapo tayari; wao waliusoma. Mshauri wa sera akikutana na kitenzi hicho aweza kudhani kwamba kiumbe kimebadilishwa, akaitwisha kazi ya kusoma tu kanuni za usalama wa kibayolojia zisizoihusu. Kinyume chake, kuiingiza jeni katika B. subtilis kulizaa kiumbe kilichobadilishwa kweli, na neno "kutenga", likiachwa peke yake, hulificha hilo.

Jina la bakteria nalo lina mtego wake. B. amyloliquefaciens ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa sehemu ya B. subtilis, hadi ilipotambuliwa rasmi kuwa spishi ya pekee mwaka 1987. Kwa hiyo amilesi ya "subtilis" katika hati za kabla ya hapo huenda ikawa ya bakteria nyingine kabisa.