Namatala, Mbale: Nyumba inapouzwa, ni nini hasa kinachouzwa?

Katika Namatala, kitongoji cha uwanda wa chini katika jiji la Mbale, mashariki mwa Uganda, nyumba huweza kupata mwenye mpya katika alasiri moja. Muuzaji, mnunuzi, majirani wawili watatu na mwenyekiti wa LC1 huketi pamoja. Karatasi huandikwa, fedha huhesabiwa, mhuri hugongwa. Jioni hiyo mnunuzi hulala akiamini kwamba nyumba ni yake, na mara nyingi huwa hivyo. Lakini wapo ambao baada ya miaka michache hugongewa mlango na mtu mwenye karatasi ya zamani kuliko yao, au na mke wa muuzaji ambaye hakuulizwa, au na afisa wa mazingira anayepima umbali kutoka mtoni.

Swali la mhuri wa mwenyekiti unathibitisha nini lilikuwa dogo zamani, wakati viwanja vya pembezoni mwa mji vilikuwa rahisi na wanunuzi walikuwa majirani. Siku hizi si dogo tena. Tarehe 1 Julai 2020 Mbale ilipandishwa hadhi kuwa jiji, siku moja na Jinja na miji mingine mitano. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2018, bustani ya viwanda ya Sino-Uganda ilikuwa imezinduliwa Mbale, na barabara kadhaa za mji zilikuwa zikiwekwa lami kwa fedha za mpango wa miundombinu ya miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Vijiji vilivyokuwa nje ya mpaka wa manispaa vikajikuta ndani ya jiji. Shamba la jana likaanza kukatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, kipimo ambacho kwa madalali wa Uganda kimekuwa kama sarafu.

Kipimo hicho chenyewe kinastahili kuangaliwa. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, yaani desimali 11 na nusu hivi, kwa kuwa ekari moja ina desimali 100. Dalali anayesema "desimali 12" ameongeza nusu desimali mdomoni, na anayepima kwa hatua za miguu anaweza kupunguza zaidi ya hiyo ardhini.

Ardhi iliyo chini ya nyumba

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema ardhi ni mali ya raia, nao huimiliki kwa njia nne: umiliki wa kimila, umiliki kamili usio na kikomo, mailo, na ukodishaji wa muda maalumu. Mailo ni jambo la Buganda hasa, na mnunuzi wa Mbale hana haja ya kuumiza kichwa juu yake. Njia nyingine tatu huweza kukutana katika mtaa mmoja wa Namatala, na kwa jicho nyumba zote hufanana.

Sehemu kongwe za mji zilipimwa tangu enzi za ukoloni na kukodishwa na mamlaka za serikali. Leo ardhi ya mji isiyo na mwenyewe iko chini ya bodi ya ardhi, ambayo kwa kawaida hutoa ukodishaji wa miaka 5 kwanza, kisha huuongeza, mara nyingi hadi miaka 49, endapo mkodishaji amejenga. Anayenunua nyumba ya aina hii ananunua miaka iliyobaki. Ikiwa imebaki 6, bei inapaswa kuonyesha hivyo, na muuzaji ambaye hataki kuutaja mwaka wa mwisho wa ukodishaji ameshajibu swali.

Ardhi ya kimila ni nyingi zaidi kadiri mtu anavyotoka katikati ya mji. Haina hatimiliki, ile ambayo wengi Uganda huiita kyapa, lakini sheria inaitambua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamruhusu mwenye ardhi ya kimila kuomba cheti cha umiliki wa kimila, ingawa wengi hawajawahi kukiomba. Hapo ushahidi wa haki ni kumbukumbu za watu: nani alilima, nani alizikwa wapi, ukoo uligawa lini.

Hali ya tatu ni ya mtu aliyejenga kwenye ardhi ambayo mwingine ana hatimiliki yake. Aliyekaa hapo bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 analindwa na sheria na hawezi kufukuzwa ovyo. Hata hivyo, anapotaka kuuza, sheria inamtaka ampe mwenye hatimiliki nafasi ya kwanza ya kununua. Mnunuzi anayerukwa na habari hii huwa amenunua kuta na ugomvi.

Karatasi na kinachosemwa na karatasi

Mkataba ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa LC1 una thamani. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka makubaliano yote yanayozidi shilingi 500,000 yawe kwa maandishi, na sahihi za majirani ni ushahidi mzuri mahakamani. Unathibitisha kwamba fulani alitoa fedha na fulani alizipokea. Kama aliyepokea alikuwa na haki ya kuuza, hilo mkataba hauwezi kulithibitisha, na mhuri wa mwenyekiti hauongezi haki ambayo muuzaji hakuwa nayo. Hakuna pia sheria inayompa mwenyekiti asilimia ya bei kwa kugonga mhuri, ijapokuwa desturi ya kudai asilimia hiyo imezoeleka katika mitaa mingi ya nchi.

Penye hatimiliki, uchunguzi hufanywa katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji, ambayo Mbale inayo. Mnunuzi hutoa namba ya kitalu na ya kiwanja, hulipa ada, naye hupewa maelezo: jina la mwenye ardhi, ukubwa, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama mtu ameliweka. Kumbukumbu hizo sasa zimo katika mfumo wa kompyuta, na mtu anaweza kuona mapema kwamba nakala aliyooneshwa mezani haifanani na kilichoandikwa masjala. Uchunguzi ufanywe na mnunuzi mwenyewe au wakili wake. Matokeo yanayoletwa na dalali ni maneno ya dalali. Baada ya hapo mpimaji aliyesajiliwa aende kuyahakiki mawe ya mipaka, kwa sababu hatimiliki halali inaweza kuwa ya kiwanja cha jirani.

Pasipo hatimiliki kazi huwa ya miguu na masikio. Majirani wa pande zote nne waulizwe, bila muuzaji kuwepo. Wazee wa ukoo waulizwe. Mwenyekiti aulizwe kama kiwanja hicho kimewahi kuuzwa kabla, maana kiwanja kimoja kuuzwa mara mbili ni ulaghai wa kawaida mno katika soko linalopanda.

Lugha nayo ni sehemu ya hatari. Katika Namatala, Kiswahili husikika pamoja na Lugisu, Kiteso, Lugwere na Kikaramojong, na tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 kinatajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Lakini mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza. Ipo sheria ya zamani ya kuwalinda wasiojua kusoma, na mahakama za Uganda bado huitumia. Anayemwandikia mtu asiyeweza kusoma hati lazima aandike jina na anwani yake kama mwandishi, na hati ionyeshe kwamba ilisomwa na kufafanuliwa. Mikataba iliyokosa kipengele hicho imewahi kukataliwa mahakamani. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili asiyekisoma Kiingereza ana haki ya kudai asomewe kila sentensi kwa lugha anayoielewa, na jambo hilo liandikwe chini ya mkataba kabla hajaweka dole gumba.

Waliomo ndani ya nyumba

Nyumba ambamo familia inaishi na kupata riziki yake haiuzwi na mume peke yake, wala na mke peke yake. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, inataka idhini ya mwenzi, na mauzo yasiyo na idhini hiyo ni batili. Mwenzi anayehofia nyumba itauzwa kisiri anaweza kuweka zuio. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 nayo inadai idhini ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Mnunuzi mwangalifu huomba kumwona mke au mume wa muuzaji ana kwa ana, akiwa na kitambulisho, na jina lake liingie katika mkataba. Mke "aliyesafiri" asubiriwe arudi.

Mali ya marehemu ina mtego wake. Mtoto mkubwa anaweza kuwa na funguo, na hata heshima ya ukoo, bila kuwa na mamlaka ya kuuza. Mamlaka hayo hutoka mahakamani, kwa hati ya usimamizi wa mirathi au kwa wosia uliothibitishwa. Bila hati hiyo, warithi wengine wanaweza kuja baadaye, nao watakuwa na haki.

Nyumba nyingi zinazouzwa Namatala ni safu za vyumba vya kupanga, chumba kimoja kimoja, vile vinavyojulikana Uganda kwa jina la muzigo. Anayenunua safu hiyo anawarithi wapangaji. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 haimruhusu kuwatimua bila amri ya mahakama, wala kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Hesabu ya dalali inayoahidi kodi maradufu kufikia Krismasi haijaisoma sheria hiyo. Anayetaka safu tupu akubaliane na muuzaji kuhusu wapangaji, notisi zao na kodi waliyolipa kabla, fedha zikiwa bado mfukoni.

Raia wa nchi nyingine, ama awe Mkenya mwenye duka Mbale ama mkimbizi kutoka Kongo, hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja. Anaweza kukodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Kuandikisha kiwanja kwa jina la rafiki Mganda ni kumkabidhi rafiki huyo kiwanja.

Mto

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito inayoshuka kutoka safu za Mlima Elgon na kupita Mbale, ukiwemo Namatala wenyewe, ilivunja kingo zake. Zaidi ya watu 20 walikufa, na nyumba zilisombwa au kujaa matope. Maji hayo yalifuata njia yake ya zamani. Mto Namatala humwaga maji yake katika ardhi oevu kubwa upande wa magharibi, ambako watu hulima mpunga na kugombania mipaka, na kando za ardhi hiyo zimekuwa zikijazwa udongo na kuuzwa kama viwanja.

Katiba inaiweka mito na ardhi oevu mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi wote, na Sheria ya Ardhi inaikataza serikali yenyewe kuigawa kwa mtu. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda ukingo wa mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mito mingine. Mwaka 2014 baraza la mawaziri liliamua kwamba hatimiliki zilizotolewa katika ardhi oevu baada ya Katiba ya 1995 zifutwe. Kwa miaka mingi wengi waliona uamuzi huo kama maneno ya Kampala. Katikati ya mwaka 2024, mamlaka ya mazingira, NEMA, ilipobomoa nyumba katika ardhi oevu ya Lubigi pembezoni mwa mji mkuu, waliofukuzwa walitoa mikataba yao yenye mihuri ya LC1. Mihuri haikuzuia tingatinga.

Kiwanja cha namna hii huwa na bei nafuu, na ndiyo sababu hununuliwa na wale ambao wakikipoteza hawana kingine. Dalili zake hazihitaji utaalamu: mafunjo upande wa nyuma, udongo wa kujaza wa rangi tofauti na wa jirani, kisima kinachopata maji kwa kina cha kiuno, alama ya maji ukutani iliyopakwa rangi mpya upande mmoja tu. Ofisi ya mazingira ya jiji inaweza kuulizwa kwa maandishi kama eneo hilo limo ndani ya ardhi oevu. Ofisi ya mipango iulizwe pia, kwa kuwa Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 imeifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, na nyumba iliyojengwa bila ramani iliyoidhinishwa, au juu ya njia ya barabara inayokusudiwa, inaweza kubomolewa hata kama ardhi ni halali.

Gharama zisizotajwa

Bei inayotajwa barazani si gharama yote. Uhamisho wa hatimiliki hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani inayokadiriwa na mthamini wa serikali, si ya bei iliyoandikwa na wahusika. Nyumba iliyothaminiwa shilingi milioni 40 italipiwa ushuru wa 600,000, mbali na ada za masjala, wakili na mpimaji. Wengi hukwepa hatua hii, wakabaki na mkataba huku hatimiliki ikiendelea kusoma jina la muuzaji. Muuzaji huyo akifa, au akikopa benki, mnunuzi ndiye atakayeanza kutafuta mashahidi, na baadhi yao watakuwa wamehama.

Kwa muuzaji, hatari kubwa ni malipo ya awamu. Anayehama baada ya kupokea nusu, na kumkabidhi mnunuzi nyumba na hati za uhamisho zilizotiwa sahihi, amebaki na ahadi tu. Mawakili hushauri hati zishikiliwe na wakili hadi awamu ya mwisho, kila malipo yapite benki yakiwa na tarehe, na mkataba useme wazi kitakachotokea awamu ikichelewa: fedha zilizokwisha kulipwa zitarudishwa kiasi gani, na katika muda gani.