Meno ya Feleji

Ukiingia katika karakana ya shule, utakuta msumeno mwembamba uliokazwa katika fremu ya chuma. Bledi yake ni nyepesi mno, hata hivyo hukata nondo iliyo nene kuliko yenyewe mara nyingi. Je, umepata kujiuliza jinsi chuma kiwezavyo kukata chuma kingine?

Kikatacho sharti kiwe kigumu kuliko kikatwacho. Lakini hapa pana shida: feleji ikizidi ugumu huvunjika kama kigae, na ikizidi ulaini hupoteza makali. Historia ya bledi ni historia ya watu waliojitahidi kuyapatanisha mambo hayo mawili.

Katika karne ya 18 aliishi Benjamin Huntsman, fundi wa saa wa Doncaster, Uingereza. Feleji ya siku zile haikuwa ya namna moja kote, kwa hiyo haikufaa kwa kamani za saa zake. Alihamia karibu na Sheffield, na katika miaka ya 1740 akafaulu kuiyeyusha feleji katika vyungu vya udongo hata ikawa sawasawa. Yasimuliwa kwamba wafua visu wa Sheffield waliikataa, kwa kuwa ilikuwa ngumu kufuliwa. Wafaransa wakainunua, na visu vyao vilipoanza kuvishinda vya Sheffield, ndipo wale waliokataa walipobadili nia.

Mnamo 1868 Robert Mushet, Mwingereza, alitoa feleji iliyochanganywa na tangsteni. Kisha Wamarekani wawili, Frederick Taylor na Maunsel White, walipata njia ya kuipasha moto feleji ya namna hiyo hata ikaweza kukata ingawa imekuwa nyekundu kwa joto. Watu waliiona ikifanya kazi katika maonyesho ya Paris mwaka 1900. Baadaye mafundi waliunganisha meno ya feleji hiyo ngumu na mgongo wa feleji inayopindika, na shida ya kale ikapungua sana.

Basi, msomaji, unaponunua bledi, yakumbuke hayo. Ikiwa mkono wako haujazoea, chukua yenye mgongo unaopindika. Iliyo ngumu kote yamfaa fundi hodari. Tena hesabu meno. Yenye meno 14 katika inchi moja ni ya chuma laini kilicho kinene. 18 ni ya kazi nyingi za kawaida. 24 ni ya mabomba. 32 ni ya bati na mabomba membamba. Kwa vyovyote, meno yasiyopungua matatu yaguse chuma kwa wakati mmoja, la sivyo yatang'oka.

Kaza kazi yako katika jiliwa. Meno yaelekee mbele, kwa maana hukata unaposukuma. Unaporudisha, legeza mkono. Mikupuo 50 kwa dakika yatosha, kwani kasi ikizidi joto huharibu makali.

Nimewaona wanafunzi wengi wakivunja bledi nzuri, kisha wakaitupa wakisema ni mbovu. Wafua visu wa Sheffield walifanya kosa lilo hilo: walikilaumu chuma, kumbe mikono yao ndiyo iliyokuwa haijajifunza. Bledi yako ikivunjika, chunguza mkono wako kwanza.