Kabla Mcheke Mtoto Juu ya Punda

Jumamosi moja punda wa maji alisimama mbele ya ploti yetu hapa Ngoingwa, na mwenye punda akambeba mtoto wa jirani akamkalisha juu. Mtoto ana miaka saba. Ana mtindio wa ubongo, miguu yake hukaza ikapishana kama makasi. Nilitoa simu nirekodi, mamake akaniangalia tu, nikairudisha mfukoni. Lakini wasee walikuwa washaanza: ati mtoto si mtungi wa maji, ati huo ni utani na mlemavu. Mama akamshusha haraka, wakaingia ndani.

Niliskia vibaya, nikaenda kusoma. Na kuna historia hapa hakuna mwalimu alinifunza.

Kulikuwa na mama wa Denmark anaitwa Lis Hartel. Mwaka wa 1944, akiwa na miaka 23 na mimba, alishikwa na polio. Mtoto alizaliwa salama, lakini yeye, kuanzia magoti kushuka chini, miguu haikurudi. Akarudi kwa farasi. Alikuwa anabebwa kupanda na kushuka, na farasi wake, jike aliyeitwa Jubilee, akazoea kusoma mgongo na uzito wa mwili wake badala ya teke la mguu. Sasa, Olimpiki ya Helsinki, 1952, ndiyo ilikuwa ya kwanza kuruhusu wanawake kwenye dressage, ule mchezo ambao farasi anatembea kwa madaha kama anacheza ngoma. Kabla ya hapo ilikuwa ya maafisa wa jeshi peke yao. Lis akachukua fedha. Yule Msweden aliyeshinda dhahabu, Henri Saint Cyr, ndiye alimsaidia kupanda jukwaani. Mwaka wa 1956 akachukua fedha tena.

Watu wa tiba waliona hiyo kitu wakaanza kujiuliza. Kumbe farasi akitembea, mgongo wake unasukuma nyonga za aliyekaa juu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, karibu vile nyonga zako husonga ukitembea mwenyewe. Mtoto ambaye hajawahi kutembea anapewa mwendo wa kutembea akiwa amekaa. Mwili wa farasi una joto, kwa hivyo misuli iliyokaza inalegea kidogo. Na lazima ujishikilie usianguke, hivyo tumbo na mgongo zinafanya kazi bila mtu kukupigia kelele. Haiponyi mtindio wa ubongo, mtu asikudanganye. Na si kukalisha mtu juu uende zako: mmoja anaongoza mnyama, wengine wanatembea kando wakimshikilia.

Mwaka wa 1969 Waingereza wakaunda Riding for the Disabled Association, na mwaka huo huo Wamarekani wakaunda chama chao. Kufikia 1996, huko Atlanta, farasi walikuwa ndani ya Paralimpiki.

Na sisi je? Hapa kwetu Thika ndipo ningetarajia kitu kama hiki kianzie. Shule ya vipofu ya Thika ni ya 1946. Joytown, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo, ni ya 1962, na zote mbili zilianzishwa na Salvation Army. Watoto tulikuwa nao, walimu pia. Farasi ndiyo hatukuwa nao.

Farasi hakuwahi kuwa mnyama wetu huku bara. Mbung'o na ugonjwa wa farasi vilimmaliza kila akijaribu kupanda kutoka pwani. Hata jina la Kikuyu, mbarathi, ni farasi yule yule wa Kiswahili. Nairobi ya zamani kulikuwa na daktari Mgoa, Rosendo Ribeiro, aliyekuwa akienda kuona wagonjwa amepanda punda milia. Si uongo, picha ipo. Walowezi walipoweza kufuga farasi, wakamfanya wao: wa mashindano, wa kuwinda. Uwanja wa Ngong ulifunguliwa 1954, katikati ya hali ya hatari, wakati babu zetu wanafungiwa vijijini. Ndiyo maana mpaka leo ukisema farasi, mtu anafikiria Karen na watu wa kofia.

Lakini 1969 hiyo hiyo, mama Mwingereza anaitwa Elisabeth Svendsen alianzisha The Donkey Sanctuary huko Devon. Baadaye alianza kuwapandisha watoto wenye ulemavu juu ya punda. Punda, manze! Yule wa mkokoteni. Huyo tuko naye kila mtaa, na tulichomfanyia ni nini? Kutoka 2016 tulikuwa tunamchinja kwa vichinjio, ngozi iende China ikatengenezwe dawa. Serikali ikapiga marufuku 2020, mwaka uliofuata korti ikaondoa hiyo marufuku.

Nilienda kwa mama ya mtoto kuomba msamaha juu ya simu. Nikamwelezea haya yote, hata ya Lis Hartel. Alinyamaza kitambo, akauliza kama kuna mahali karibu wanafanya hivyo. Nikamwambia farasi wengi wako upande wa Karen. Akaanza kuhesabu kwa vidole: matatu mpaka tao, nyingine kutoka tao, mtoto mgongoni, na kiti cha magurudumu ambacho kondakta atakilipisha kama gunia la viazi. Akaacha kuhesabu.

Nikamwambia tungemuuliza fizio wake kwanza, na kama angekubali, tungehitaji punda mtulivu, kofia, na watu wawili wa kushikilia kando. Mimi ni mmoja, simu ikibaki kwa nyumba.

"Yule wa maji hupita saa ngapi?" akauliza.