Mashine Isiyobebeka

Kila nikianza mchezo na kundi jipya, wakifika mbele ya mashine swali ni lile lile: "Tunaweza kuibeba?" Nawaambia haibebeki. Hapo ndipo kelele zinaanza.

Kwa ambaye hajawahi kukaa nasi: tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanakaa mezani (sisi kwenye mkeka), kila mmoja anakuwa mtu wa hadithi, mmoja anasimulia dunia yote iliyobaki, na dadu zinaamua kama ulichojaribu kimefaulu au kimekushinda. Basi. Huhitaji umeme wala intaneti, ndiyo maana kwetu umedumu.

Sasa, mchezo huu tangu mwanzo ni wa kubeba. Katika kanuni za 1974 mtu anapanda ngazi kwa kuua madude, ndiyo, lakini zaidi kwa hazina anayoitoa shimoni. Hata uzito wa mizigo ulihesabiwa kwa sarafu za dhahabu. Upanga, pete, fimbo ya mchawi: vyote ni vya kuingia mfukoni au kwenye gunia. Mwenye kitu ni aliyekishika, na akikimbia anakimbia nacho.

Mwaka 1976 kikatoka kitabu cha nyongeza kinachoitwa Eldritch Wizardry, na ndani yake, katikati ya vitu vya ajabu vya kale, kuna Mashine ya Lum Mwendawazimu. Gygax aliieleza tena mwaka 1979 katika kitabu cha wasimulizi. Ni ya kale mno, labda ilitengenezwa na miungu iliyosahaulika, na Baroni Lum aliitumia kujijengea himaya. Ina mikono ya kuvuta 60, vifundo vya kuzungusha 40 na swichi 20, ila karibu nusu tu ndiyo bado inafanya kazi. Ni nzito, zaidi ya tani mbili, tena laini kama yai: ukiitikisa vibaya, baadhi ya kazi zake zinakufa na hazirudi.

Nguvu zake hazikuandikwa pale. Kitabu kiliacha mistari mitupu, msimulizi ajaze mwenyewe, ili mchezaji mjanja aliyesoma kitabu kwa siri asijue mkono upi unafanya nini. Mimi naona huo ndio ujanja mkubwa kuliko mashine yenyewe. Ili uijue lazima ukae nayo. Uvute mkono huu, uandike kilichotokea, uvute ule, labda mwenzako ageuke kitu kingine mbele ya macho yako. Na wakati unajaribu lazima ule, ulale, na mtu alinde mlango. Pete ikipatikana watu wanauliza ni ya nani. Kwa mashine hii wanauliza nani anabaki.

Gygax huyo huyo alikuwa na kisa kingine, Expedition to the Barrier Peaks, kilichochezwa kwenye mashindano mwaka 1976 na kuchapishwa 1980. Mashujaa wenye mapanga wanaingia mlimani wakidhani ni pango, kumbe ni chombo cha anga kilichoanguka. Wanaokota kadi za rangi bila kujua ni funguo za milango. Kisa kitamu sana, nimekisimulia mara nyingi. Lakini tazama wachezaji: wanachukua silaha za miale, wanatoka, baadaye zinaisha nguvu, imekwisha. Chombo kinabaki mlimani na hakuna anayekikumbuka.

Kosa hilo liko katika visa vingi vya aina hii. Mashine ipo kwa ajili ya wageni. Wageni wanafika, wanaizima au wanailipua, wanapewa sifa, wanaondoka. Waliozaliwa jirani yake hawaulizwi kitu.

Glantri ni tofauti kidogo, ndiyo maana naipenda. Katika kitabu cha Bruce Heard cha 1987, chini ya mji wa wachawi umezikwa mtambo wa chombo cha anga cha zamani. Wachache wanajua siri, wanavuta nguvu yake, na kila wakiivuta uchawi wa dunia nzima unapungua. Wanaouza sokoni juu yake hawana habari. Mwaka 1992 kisa kikaendelezwa katika Wrath of the Immortals: wakubwa wakapigana juu ya mtambo ule, uchawi ukakatika wiki nzima, bara la Alphatia likazama, na tangu hapo kila mwaka kuna siku moja ambayo hakuna uchawi popote. Mtambo haukusogea hata hatua moja. Watu ndio walisogezwa.

Kijijini kwetu kulikuwa na mashine moja ya kusaga. Haikuwa na uchawi, ila vijiji vitatu vilikuwa vinaizunguka. Huko ndiko habari zilipitia na ndoa zilipangwa, kwenye foleni ya unga. Tulipokimbia, mwenyewe hakuweza kuibeba. Alivua mkanda wake, akauviringa, akauvaa begani. Tulitembea naye siku nne. Mpaka leo mkanda ule unaning'inia kwenye nyumba yake hapa kambini, na watoto wanamcheka: mzee, mkanda bila mashine ni wa nini? Anawajibu, na huko walikobaki, mashine bila mkanda ni ya nini?

Mwezi uliopita niliingiza jambo hilo mchezoni. Wachezaji wangu wakakuta mashine kubwa, nzima, kavu, ila haizunguki. Watatu wakataka kuivunja wauze chuma. Mama mmoja, ambaye kawaida haongei sana, akasema ngojeni kwanza: hapa kuna njia zilizokanyagwa kutoka pande zote, hao watu wako wapi?

Sikuwa nimeandaa jibu. Nikajaza mstari mtupu hapo hapo: walikimbia, na mmoja wao alikimbia na mkanda. Giza likaingia tukafunga. Jumamosi wanaanza safari ya kumtafuta, na wawili tayari wamekubali kubaki kulinda.