Kosa Moja, Adhabu Mbili

Ukiketi na wazee mjini Arua au sokoni Koboko, hutakosa kusikia lalamiko hili: watu wawili wametiwa hatiani kwa kosa la aina moja, lakini mmoja amefungwa miaka mingi na mwenzake michache. Upesi husemwa kwamba jaji amekula rushwa. Huenda mara nyingine ni kweli. Hata hivyo, tofauti hizo zina historia, nayo yafaa uijue kabla hujakasirika.

Kwanza tutenganishe maneno ambayo wanafunzi huyachanganya. Hakimu huketi katika mahakama ya chini. Jaji huketi Mahakama Kuu. Hukumu ni uamuzi wa kesi. Adhabu ni kile anachotwishwa mkosaji. Hakimu hana mamlaka ya kuamua kesi ya mauaji, na ndiyo maana kwa miaka mingi washtakiwa wa Koboko wamepelekwa Arua, safari ya zaidi ya kilomita 50.

Zamani jaji huyo wa Arua hakuwa na la kuchagua. Mtu akishatiwa hatiani kwa mauaji, sheria ilimwamuru jaji atamke kifo. Aliyepanga uovu wake mwezi mzima na aliyeua katika ugomvi wa usiku mmoja walielekezwa kwenye kitanzi kimoja. Ulinganifu ulikuwa kamili, na ulikuwa wa kutisha.

Miaka ya 1970 Waganda waliona pia balaa la upande wa pili. Chini ya Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake unahusishwa na Koboko, mahakama za kijeshi zilihukumu raia. Mwaka 1975 Mwingereza Denis Hills alihukumiwa kifo kwa sababu ya mswada wa kitabu uliomkashifu rais. Mwezi uliofuata aliachiliwa, baada ya waziri wa mambo ya nje wa Uingereza kuja Kampala. Uhai wa mtu ulitegemea moyo wa mtu mmoja. Sishangai, basi, kwamba neno “hiari” likitajwa mahakamani, wazee wetu hulitilia shaka.

Mabadiliko yaliletwa na wafungwa wenyewe. Susan Kigula na wenzake 417 waliokuwa wakingoja kunyongwa walikwenda Mahakama ya Katiba, na tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo ni kinyume cha katiba. Adhabu yenyewe ilibaki. Kilichoondoka ni ulazima. Mwaka 2011 Kigula alipangiwa adhabu upya: miaka 20. Mwanamke aliyetiwa hatiani pamoja naye, kwa kifo kilekile, alipewa 16. Je, huo ni upendeleo, au ni jaji aliyetazama nafasi ya kila mmoja?

Mwongozo wa mwaka 2013 ulijaribu kuziba pengo: kwa mauaji, jaji aanzie miaka 35, kisha apande au ashuke kwa sababu zinazoelezeka. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikaagiza kwamba muda wa mahabusu utolewe kwa hesabu kamili, si kwa kutajwa tu. Mwaka 2018 ikapunguza adhabu ya kifo ya mwanamke aliyemuua mumewe kuwa miaka 30, ili ilingane na adhabu za kesi zinazofanana. Tarehe tu, kwa hiyo, yaweza kuwatofautisha wafungwa wawili.

Kwa maoni yangu, kinachowachoma watu zaidi ni kutosikia sababu. Lugha ya mahakama ni Kiingereza. Mkalimani humgeuzia mshtakiwa maneno kwa Kilugbara au Kikakwa, lakini ndugu wa marehemu waliokaa benchi la nyuma mara nyingi hurudi Koboko na idadi ya miaka tu. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu ya Arua husomeka bure katika tovuti ya ULII, sababu zikiwa zimeandikwa aya kwa aya, kwa Kiingereza.