Kipokezi cha Fc

Kipokezi cha Fc ni protini iliyopo juu ya utando wa seli nyingi za mfumo wa kinga, ambayo hushika mkia wa kingamwili. Kingamwili ina umbo la herufi Y: mikono yake miwili hunasa kijidudu, na mkia wake, uitwao Fc, hushikwa na kipokezi. Hivyo seli hupata habari kwamba adui amenaswa.

Ishara za kuamsha

Vipokezi vingi vya kingamwili aina ya IgG, kama vile FcγRI na FcγRIIIa, huiamsha seli. Kwa kawaida ishara huanza pale vipokezi kadhaa vinapovutwa pamoja na kingamwili nyingi zilizoshikana na kijidudu kimoja. Hapo vimeng'enya vya jamii ya Src hubandika fosfati kwenye tirosini za sehemu ya ndani iitwayo ITAM. Kimeng'enya kingine, Syk, hujishikiza hapo na kuendeleza ishara, na kiasi cha kalsiamu huongezeka ndani ya seli. Matokeo hutegemea aina ya seli: makrofaji humeza kijidudu, seli NK huua seli iliyoambukizwa, na seli za masti, zenye kipokezi cha IgE, humwaga histamini inayoleta dalili za mzio.

Ishara za kuzuia

Kipokezi FcγRIIb hufanya kinyume, kwa kuwa ndani yake kuna sehemu iitwayo ITIM. Kikivutwa pamoja na kipokezi cha kuamsha, ITIM hubandikwa fosfati na kuita kimeng'enya SHIP. Hicho huondoa fosfati kwenye PIP3, mafuta ya utando yanayohitajika ili ishara ya kuamsha iendelee. Katika seli B, FcγRIIb ndicho kipokezi pekee cha Fc cha IgG cha kawaida. Hupunguza utengenezaji wa kingamwili zinapokuwa nyingi.

Umuhimu

Kizuizi kikiwa dhaifu, kinga inaweza kushambulia mwili wenyewe. Badiliko la jeni la FcγRIIb liitwalo T232 hudhoofisha kizuizi hicho na limehusishwa na ugonjwa wa lupasi. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto wa Kenya wenye nakala mbili za badiliko hilo walikuwa na kinga zaidi dhidi ya malaria kali. Hii inaweza kueleza kwa nini badiliko hilo ni la kawaida zaidi Afrika na Asia kuliko Ulaya.